Saba, Mwisho

Enzi zetu hakuna mtu pale Arua aliyelijua neno utalii. Kulikuwa na kutembea, basi. Mtu alitembea kwenda kisimani, msikitini na sokoni, na akibakiwa na nguvu alitembea kwenda kuona kitu ambacho Mungu amekiweka mahali bila kumtoza mtu kiingilio. Ninyi mliozaliwa miaka ile, mkakulia kati ya Arua na Koboko, mtanielewa. Nadhani hata magoti yenu yanauma kama yangu. Nimekaa kwenye mkeka hapa nyumbani Koboko, watoto ninaowafundisha Kurani wameshaondoka, na nimechoka kwa ule uchovu usioondoka hata ukilala. Ngoja nikumbuke kidogo, kabla ya adhana ya alasiri.

Tulikaa Arua, chini ya kile kilima cha mikaratusi. Baba alikuwa mwanajeshi, na kama nyumba nyingi za majirani, nyumba yetu ilikuwa na picha ya mwanamume aliyevaa sare, lakini mwanamume mwenyewe haonekani. Mama ndiye aliyetulea mimi na mdogo wangu Mariamu. Asubuhi shule, alasiri chuo cha Kurani, na jioni mbao zetu za kuandikia zimekwisha kuoshwa, vidole vikinuka masizi. Jumamosi tulishuka mto Enyau na nguo za kufua. Nguo zilifuliwa kwa nusu saa, maji yakachezewa mpaka midomo inatetemeka, na mama alitujua kwa macho mekundu kabla hatujasema uongo wetu. Tulicheza kwepena kwa mpira wa majani ya ndizi. Ukipigwa nao mgongoni ulikumbuka mpaka Ijumaa.

Lakini matembezi yenyewe hasa yalikuwa Koboko, kwa babu, wakati wa likizo. Sisi Wanubi humwita babu jidi na bibi haboba. Jidi alikuwa askari wa zamani wa Waingereza. Alipelekwa Burma akiwa kijana, akarudi na vitu viwili, darubini moja na kifua kibovu. Darubini aliifunga kwenye kitambaa cha kijani. Kifua alikibeba hivyo hivyo, akikohoa kila alfajiri kabla ya kutia udhu, nasi tulizoea kuamka kwa kikohozi chake kama wengine wanavyoamka kwa jogoo.

Wajukuu tulikuwa saba. Watano wa mbele walikuwa watoto wa ndugu za baba, mimi nilikuwa wa sita, nikiwa na miaka kumi, na Mariamu wa saba, miaka sita. Jidi hakutuita majina tukiwa safarini. Alituita namba. Kabla hatujatoka uani alitupanga mstari kwa kimo, mrefu mbele na mfupi nyuma, halafu akasimama mbele yetu na fimbo yake kwapani.

“Hesabu!”

Moja. Mbili. Tatu. Tuliruka kama mahindi kwenye kikaango mpaka ikanifikia. “Sita,” nikasema, na nyuma yangu Mariamu, macho ameyafumba na shingo ameinyoosha, akapiga kelele kwa nguvu zake zote, “Saba, mwisho!” Yule wa mwisho lazima aseme mwisho. Ndivyo walivyohesabiana jeshini, ili aliye mbele ajue kwamba nyuma hakuna tena mtu wa kungoja. Njiani Jidi hakugeuka nyuma. Shingo yake ilikuwa ngumu. Alipaza sauti tu, “Hesabu!”, akasikiliza namba zikija, na ikifika saba mwisho, akaendelea kutembea.

“Nyuma yako iko mtoto yako,” alimwambia kila mmoja wetu. “Tano, mtoto yako ni sita. Sita, mtoto yako ni saba. Mutu hapana sema sikuona.”

Kulikuwa na sheria nyingine. Kila mahali tulipofika, kabla hata ya kunywa maji, Jidi alichagua alama. Jiwe, nguzo, kitu chochote ambacho hakitembei. Alikigonga kwa fimbo.

“Hapa ndio nyumbani. Mutu akipotea anarudi hapa, anakaa. Hapana tafuta. Sisi tutatafuta. Wewe ukitafuta na sisi tunatafuta, tutapishana mpaka kesho.”

Sheria hii niliijua kwa mwili wangu mwenyewe. Mjomba wetu Doka, kaka yake mama, alikuwa na lori la kuchukua samaki wakavu kutoka ziwani Panyimur. Mara moja Jidi alimbembeleza atupakie wote. Tulikaa juu ya magunia matupu yenye harufu kali hata baadaye haboba alituogesha mara mbili na bado akatulaza karibu na mlango. Pakwach tulisimama kidogo darajani, Mto Nile chini yetu ukiwa mpana na mzito, na ng'ambo, upande wa mbuga, tembo walikuwa wanakunywa maji. Jidi alitoa darubini, ikapita mkono kwa mkono kwa kufuata namba. Ilipofika kwa Mariamu lori lilikuwa limeshatoka, naye akaona miti tu. Alilia mpaka Panyimur.

Na ziwa lile. Mnakumbuka mara ya kwanza mlipoliona Ziwa Albert? Mimi nilidhani mbingu imeanguka. Ng'ambo milima ya Zaire ilisimama ya buluu kama moshi uliokataa kuondoka. Kulikuwa na mahali ambapo maji ya moto yanatoka chini ya mawe, tukachovya vidole na kuvitoa haraka. Jidi alituambia Mungu ana majiko asiyoyaeleza kwa mtu. Alama ya siku ile ilikuwa mzani wa kupimia samaki. Nami nikapotea, kwa sababu nilifuata kitambaa cha mwanamke mwenye rangi kama za mama, na aliponigeukia alikuwa na uso wa mtu mwingine. Moyo uliniambia nikimbie. Miguu ikakumbuka mzani. Nikaenda nikakaa chini yake, magamba ya samaki yakiniangukia kichwani, mpaka nikaona fimbo ya Jidi mbele ya uso wangu.

“Umekaa?”

“Nimekaa, Jidi.”

“Sawa,” akasema, akaninunulia samaki wa kukaanga mzima, peke yangu. Wale watano wa mbele walininunia njia yote ya kurudi. Mmoja akasema kwamba na yeye safari ijayo atapotea.

Alitupeleka pia Ajai, upande wa Rhino Camp, tukalala kwa mtu aliyekuwa naye jeshini. Tukawaona vifaru weupe wawili kwa mbali, wamesimama kwenye majani kama nyumba zilizosahauliwa. “Angalieni vizuri,” Jidi alisema. Vita vilipopita vifaru hawakuwapo tena. Nasikia watu wa serikali wana mpango wa kuwarudisha wengine. Mungu awawezeshe. Wale niliowaona mimi hawarudi.

Lakini safari ya safari zote ilikuwa Idi Tatu, siku ya kupanda kilima cha Liru. Idi Mosi ilikuwa ya msikiti na nguo mpya, Idi Pili ya kuzunguka kwa jamaa, na Idi Tatu ilikuwa yetu sisi namba. Haboba aliamka mapema kupika kisra, mikate nyembamba kama karatasi, akaweka na kuku na simsim ya kusaga, na juu ya sinia akafunika tabaga, kile kifuniko cha kusuka chenye rangi nyekundu na zambarau ambacho kila mwanamke wa Kinubi alijivunia. Chini ya kilima palikuwa na shamba la mihogo la Mama Poni, mwanamke wa Kikakwa, mjane, mcheshi. Hatukupanda bila kupita kwake. Kilima kilikuwa cha watu wake kabla hakijawa cha macho yetu.

“Jenerali wa watoto amefika,” alisema Mama Poni, mikono kiunoni. “Leo munaenda kupigana na nani?”

“Na njaa,” Jidi alijibu.

“Basi jeshi yako itashindwa. Mimi naona mafuta iko kwenye shavu ya ile ndogo.” Akambana Mariamu shavu, akapokea kisra zake mbili, akatufungulia njia.

Karibu na juu palikuwa na jiwe pana, bapa, ambalo tuliliita Meza. Ndiyo ilikuwa alama. Tulitandika chakula juu yake, tukala na upepo ukitupeperushia kisra. Kutoka pale darubini ilionyesha nchi tatu. Jidi alinyoosha fimbo, kule Sudan, kule Zaire, hapa sisi. Mariamu aliangalia kwa muda mrefu.

“Jidi, mstari uko wapi?”

“Mstari iko kwenye karatasi,” Jidi alisema. “Kula.”

Hayo yote yalikuwa kabla ya katikati ya mwaka wa sabini na tisa. Wengi wenu mna sabini na tisa yenu, sitaki kuwachosha na yangu kwa urefu. Askari wa serikali iliyoangushwa walianza kurudi kutoka kusini bila viatu. Baba hakuwa miongoni mwao. Mama alifunga nyumba ya Arua, akatuchukua mpaka Koboko, na kila siku tulisikia mlio kwa mbali ambao wakubwa walisema ni radi. Asubuhi moja, baada ya sala ya alfajiri, Jidi alivaa koti lake la zamani na kusimama uani.

“Hesabu!”

Mariamu alifurahi. “Leo ni Idi?” aliniuliza. Nilikuwa nimeelewa kidogo zaidi yake, nikamwambia anyamaze.

Haboba alikuwa haendi vizuri kwa miguu, akawekwa kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, mama akaisukuma mbele yetu sisi namba. Jidi alitangulia. Mimi nilibebeshwa kichwani sufuria kubwa yenye nguo, na juu yake tabaga ya haboba, kwa sababu haboba alikataa kuiacha. Mkono mmoja nilishika sufuria, mkono wa pili nilimshika Mariamu. Tukashika njia ya mkato inayopita chini ya Liru kuelekea mto Kaya, na mto ule ndio mpaka wa Sudan. Hatukuwa peke yetu. Koboko yote ilikuwa njiani. Baiskeli, magodoro, kuku waliofungwa miguu, watu wanaoita majina. Nyumba ya Mama Poni tuliikuta mlango wazi.

Hapo mbele kidogo kundi la mbuzi lilitukata katikati. Sufuria ikayumba. Niliuachia mkono wa Mariamu ili nishike mzigo kwa mikono miwili.

“Shika gauni yangu,” nikamwambia.

Alishika. Nilisikia gauni likivutwa, hatua kwa hatua. Halafu mvua ikaanza, gauni likalowa na kuwa zito lenyewe, nikawa sijui kinachovuta ni mkono au maji. Huko mbele Jidi akaita, “Hesabu!” Namba zikaja zikipanda mstari. “Sita,” nikasema.

Pakawa kimya. Kimya kifupi tu, cha mtu kuvuta pumzi.

“Saba, mwisho.”

Sauti ilikuwa imekwaruza. Nikajiambia ni mvua, ni kulia. Mwenye mzigo kichwani hageuki kirahisi, nanyi mnajua. Jidi alisikia saba mwisho, akaendelea kutembea. Alihesabu mara mbili zaidi kabla ya mto, na mara zote hesabu ilikuwa sawa.

Mtoni Jidi alituvusha mmoja mmoja mgongoni, maji yakiwa kiunoni kwake. Alivusha moja mpaka tano, akanivusha mimi, akarudi kumchukua wa mwisho. Nilimwona akiinama kumpakia. Akasita. Akamshusha chini, akamfuta tope usoni kwa kiganja.

“Wewe nani?”

“Zaituni.”

“Namba yako ngapi?”

“Saba.”

“Saba iko yangu. Wewe umetoka kwa nani?”

Yule msichana alikuwa wa kimo cha Mariamu, amefungwa kitambaa kilekile cha rangi ya maziwa ambacho mama zetu wote walinunua duka moja. “Mama yangu nimempotea jana,” alisema. “Nimesikia munahesabu kama sisi nyumbani. Mutu alisema sita, halafu hapana mutu. Nikasema mimi.”

Mama aliangusha baiskeli na haboba juu yake. Alikaa tu chini kwenye tope kama mtu aliyefika. Jidi alimvusha yule mtoto, akamvusha haboba, mama akafuata kwa miguu yake, halafu Jidi akasimama mbele yangu, maji yakimchuruzika kwenye koti.

“Sita.”

“Naam, Jidi.”

“Nyuma yako alikuwa nani?”

Mpaka leo, nikisimama kwenye sala na imamu akanyamaza kabla ya rukuu, swali lile hupita.

Jidi aligonga kichuguu kimoja chekundu kando ya mto kwa fimbo yake. “Hapa ndio nyumbani,” akasema. “Mukae.”

“Baba, acha niende mimi,” mama alimwambia. “Kifua chako. Na huko majeshi yameshafika.”

“Ukienda wewe, hawa watahesabiwa na nani?” Akaacha darubini mapajani kwa haboba, akarudi mtoni peke yake. Watu wote walikuwa wanakuja, na yeye alikuwa anakwenda.

Tulikaa kwenye kichuguu siku ile yote, na ya pili mpaka adhuhuri. Nilikuwa na sura chache tu kifuani, nikazisoma zikaisha, nikaanza tena. Zaituni alikaa nyuma yangu akishika gauni langu. Lazima niseme kweli, kwa kuwa ninayeandika hapa ninawafundisha watoto wa watu kitabu cha Mungu. Nilimchukia. Nililivuta gauni kutoka mkononi mwake. Akalishika tena. Nikavuta tena. Mara ya tatu haboba aliona.

“Hawa,” alinitaja jina langu, “huyu mtoto amekuibia nini?”

Nikaacha alishike.

Adhuhuri ya siku ya pili, Jidi alitokea ng'ambo ya mto. Kwanza niliona koti, halafu juu ya koti miguu miwili midogo inaning'inia kifuani kwake. Mama aliingia majini na nguo zake zote.

“Nilikaa, mama,” Mariamu alisema, kabla hajashushwa. “Sikutafuta mtu.”

Alipopoteza gauni langu kwenye mbuzi na mvua, aliinua macho akaona Liru. Alama aliyoijua huko kote ilikuwa moja. Alipanda peke yake mpaka Meza, akakaa. Mama Poni, ambaye alikuwa amejificha na mbuzi wake kwenye mapango ya kilima, alimwona akataka kumchukua. Mariamu akamwambia hapana, Jidi amesema nikae. Mama Poni alibishana naye, akashindwa, akamletea muhogo wa kuchoma na gunia la kujifunika, akakaa mbali kidogo akimlinda. Jidi alipofika juu, akikohoa kiasi cha kushindwa kusema, Mama Poni alimwambia, “Jenerali, askari yako mmoja tu ndio anajua amri.”

Kabla ya kuondoka pale mtoni Jidi alitupanga mstari. “Hesabu!” Moja mpaka tano. “Sita,” nikasema, nikageuka, mzigo ukae au uanguke. Nyuma yangu sauti mbili zilitoka pamoja, “Saba, mwisho!”

Mariamu na Zaituni wakatazamana. Jidi alimwendea yule mgeni, akamwekea mkono kichwani.

“Wewe ni nane,” akasema. “Mwisho sasa ni wewe.”

Kambini Sudan tuliwatafuta watu wake. Alipoulizwa jina la mama yake alisema Mama Zaituni. Jina la baba alisema Afande. Kambi nzima ilikuwa na akina Afande. Jidi alikwenda naye kibanda kwa kibanda, siku nyingi, mpaka kifua kikamkatalia. Mvua za mwaka wa pili ndizo zilizomchukua. Alizikwa hukohuko, chini ya udongo wa nchi aliyozoea kutuonyesha kwa fimbo. Mimi aliniita siku chache kabla. “Sita,” akasema, “hata mimi nilisikia saba.” Naamini alitaka kuchukua nusu ya mzigo wangu aondoke nao. Mungu amrehemu.

Tulirudi Koboko katikati ya miaka ya themanini. Mti ulikuwa umeota chumbani kwa Jidi. Tulipomaliza kufunga Ramadhani ya kwanza nyumbani, Idi Tatu ikafika, na Zaituni akaniambia anataka kupanda Liru.

“Kufanya nini?” nilimuuliza. Tulikuwa wasichana wakubwa, tumbo halijashiba vizuri, wala hatukuwa na kuku.

“Kukaa.”

Njiani ndipo aliponiambia kitu alichokuwa amekibeba miaka ile yote. Kwao pia waliambiwa ukipotea ukae. Alikuwa amekaa kweli, kwenye kisiki kimoja chini ya kilima, siku nzima, mpaka aliposikia sisi tunahesabu. “Nilisikia nafasi,” akasema. “Nikaondoka kwenye kisiki. Labda mama alirudi jioni.” Kisiki chenyewe hakikuwapo tena, kwa hiyo alichagua Meza, mahali panapoonekana kutoka njia zote. Alikaa mpaka alasiri akiangalia njia kwa darubini ya Jidi. Mimi nilikaa pembeni. Nilikuwa nimekaa na mtu aliyejibu namba ya mdogo wangu na kupoteza yake.

Tangu hapo amepanda kila Idi Tatu. Miaka ya tisini, njia zilipoharibika tena na watu wakaogopa vichaka, askari walikataza kilima, naye alikaa chini shambani kwa marehemu Mama Poni. Ameolewa, amezaa, amekuwa bibi. Mara moja alisikia habari za mwanamke huko Yei aliyepotelewa na binti, akaenda kwa lori, akarudi baada ya juma moja, akasema tu yule mama alikuwa mwema. Mariamu ana duka Vurra, kule malori ya Kongo yanapopanga foleni, na hata leo mumewe akichelewa kumchukua sokoni, yeye hamtafuti. Hukaa getini. Mumewe amechoka kulalamika.

Siku hizi wajukuu wetu ndio wanaopanda. Mwaka huu walipanda kumi na moja, pikipiki zimewashusha mpaka chini ya kilima kwa sababu kutembea kutoka mjini ni adhabu kwao. Mimi na Zaituni tulibaki chini kwenye mkeka, kwa kuwa daktari wake na magoti yangu wamekubaliana. Kule juu walijipiga picha wao wenyewe, hawakupiga kilima. Walikula chapati na soda, na chupa nikawarudisha wakaziokote. Kilichowachekesha zaidi ni simu zao. Ukisogea huku inakukaribisha Sudan Kusini, ukisogea kule inakukaribisha Kongo. Nikakumbuka swali la Mariamu kuhusu mstari. Kumbe wameuona.

Mjukuu wangu mkubwa, msichana anayesoma Arua, alikaa na sisi kidogo akimwonyesha Zaituni simu yake.

“Haboba, siku hizi mtu hapotei. Ona, hiki kidoti ni mimi. Hata ukinitafuta Kampala utanipata.”

Zaituni alikiangalia kidoti kwa heshima. “Na ikizima?”

“Nitachaji.”

“Na mwenye kukutafuta, kama hana simu?”

Yule binti alicheka, halafu akaacha kucheka. Ni mtoto mzuri. Sisi tulikuwa na darubini moja kwa watu saba, na ilipofika kwa wa mwisho tembo walikuwa wamepita. Wao kila mmoja ana tembo wake mfukoni. Simlaumu yeyote. Nawatazama tu, na kuchoka kwangu ni kwa kutamani waipate ile ladha ya kisra yenye mchanga wa Meza, ambayo siwezi kuwapa. Namshukuru Mungu kwamba wanapanda kwa hiari yao na kushuka kwa hiari yao, na hakuna anayebeba sufuria.

Jua lilipoinama tuliwaita. Walikuja wakilalamika, wakajipanga kwa kimo, kwa sababu hawatapewa sambusa bila hilo. Zaituni aliegemea fimbo. Sauti yake imekuwa nyembamba, lakini hilo neno analitoa vizuri.

“Hesabu!”

Moja. Mbili. Walirukaruka, wakasukumana, wakaharibu, wakaanza upya. Wa nyuma kabisa, kijukuu cha Mariamu kilichozaliwa mwisho, kilifumba macho kikanyoosha shingo.

“Kumi na moja, mwisho!”

Wakataka kukimbilia sambusa. Zaituni aliinua mkono. Hiyo ni sheria aliyoiongeza yeye, Jidi hakuwa nayo. Baada ya mwisho, hakuna kusema wala kusogea, kwa muda wa mtu kuvuta pumzi chache, huenda yuko mtu mahali fulani ambaye amesikia tunahesabu. Watoto wameizoea, wanasimama. Nami nilisimama pale na magoti yangu, nikageuka nyuma kama ninavyogeuka siku zote, na sote tukasikiliza kilima.